Kidirisha Juu ya Utosi

Jumatatu, 3 Juni

Dada,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Simu zetu zilikusanywa getini siku ya kwanza zikafungiwa kwenye kabati la chuma, na funguo anazo mlinzi ambaye tangu nifike sijaona jino lake. Wanaogopa picha za filamu zisivuje. Mwenye la kusema na watu wake anaandika. Dereva wa vyakula huondoka kila Jumatatu na kurudi Alhamisi na majibu, kwa hiyo usiniweke nikingoja, unajua nilivyo na moyo mwepesi.

Kazi yenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ghala zima, refu, ndani yake sisi maseremala tisa tunajenga kichwa cha mtu. Ndiyo, kichwa. Hadithi ni ya miaka mingi ijayo, binadamu wameacha kuota. Wanalala, wanaamka, katikati hakuna kitu, na kidogo kidogo wanaanza kusahau wapendwa wao. Amebaki mtu mmoja tu duniani anayeota. Basi daktari mmoja anatengeneza mashine, anaingia kichwani mwa yule mtu kutafuta ndoto zinatoka wapi, na sisi ndio wa kumjengea vyumba atakavyopita.

Mwongozaji ni mama mwembamba, anaongea chini chini mpaka umsogelee. Sisi tumempa jina Tena, kwa sababu ukimaliza kitu chochote, hata kama umekesha nacho, anakitazama na kusema neno hilo moja. Wiki iliyopita alitukusanya wote, kuanzia waigizaji hadi wafagiaji, akatupa karatasi. Kila mtu aandike ndoto aliyoiota zaidi ya mara moja. Hataki ndoto za kutunga, anasema za kutunga zinanuka.

Nikaandika ile yangu. Unaijua? Nadhani sijawahi kumwambia mtu. Naiota tangu utotoni. Niko kwenye chumba kikubwa, meza inanifika kidevuni. Mbele yangu kuna mlango mrefu ajabu, na juu ya kichwa changu, kwenye ule mlango, kuna kidirisha. Nasikia kinagongwa: tok, tok-tok. Kinafunguka, unatoka mkono mkubwa, kidole kimoja ni cha chuma. Mkono unashuka kunitafuta. Hapo huwa naamka, na sijui kwa nini huwa naamka nikiwa na furaha.

Kati ya karatasi sitini na nne, Tena amechagua yangu. Hicho ndicho kitakuwa chumba cha mwisho cha filamu, ndoto ya kwanza kabisa ya binadamu, na mimi ndiye nitakayekijenga. Mdogo wako amekuwa mtu mkubwa.

Benchi nililopewa hapa ni bovu, linayumba hata ukiliangalia. Nalikumbuka la mzee, hata kile kiraka cha katikati alichokuwa akinichapia nikigongelea msumari juu yake. Mpe shikamoo yangu. Msomee barua hii, hata kama hajibu. Mke wangu mwambie nampenda na anyanyue miguu.

Wako,
Kitinda


Jumatano, 5 Juni

Mdogo wangu Kitinda,

Mtu mkubwa, haya. Mtu mkubwa aliyeondoka na taulo langu.

Wifi yangu hajambo. Miguu imevimba kidogo, muuguzi wa zahanati amesema ni kawaida ya mwezi wa saba. Anacheka siku nzima na anakula usiku kucha. Mtoto anacheza, juzi alimpiga teke nilipokuwa nampima gauni, futikamba ikaruka. Anauliza tu kama utakuwa umerudi mwisho wa Julai. Mimi namwambia utakuwa umerudi. Naomba usinifanye mwongo.

Mzee yuko vile vile. Mkono wa kulia haujaamka tangu kile kiharusi, mdomo nao haujafunguka, na daktari anasema miezi minane ni mingi, tusitegemee sana. Nilimsomea barua yako nikiwa namlisha. Alikula vizuri mpaka kwenye hiyo ndoto yako, kisha akafunga mdomo na hakutaka tena kijiko. Labda uji ulikuwa wa moto.

Kuhusu hiyo ndoto, mdogo wangu, ndoto ni takataka za kichwa. Mtu akilala tumbo limejaa anaota hata anafukuzwa na kabati. Huko mko wengi, kuna ndoto sitini na tatu nyingine. Mwambie huyo mama wa Tena akuchagulie ndoto ya mtu mwingine uijenge. Wewe jenga ngazi, jenga madaraja, huko ndiko ulikosifika. Nakuomba kama dada yako.

Kula vizuri. Rudisha taulo.

Dada


Jumatatu, 17 Juni

Dada,

Barua yako nilicheka nayo, halafu usiku nikaiwaza. Tangu lini wewe ukaniomba kitu? Wewe huwa unaamuru.

Hata hivyo umechelewa. Chumba kimesimama.

Natamani ungekiona. Sina maneno yake, lakini ngoja nijaribu. Kwanza sikuwa na mchoro. Nilimwambia Tena kwamba sijui vipimo, mtu hachukui futikamba ndotoni. Akaniambia nifumbe macho, nijenge kwa mwili. Basi wenzangu wakanishikia ubao wa meza, wakaupandisha polepole huku nimefumba macho, mpaka kidevu kikasema hapo. Wakapima, sentimita mia na hamsini. Tukafanya hivyo kwa kila kitu. Mlango mita nne kamili. Kidirisha kilitusumbua siku mbili, kila wakikiweka nahisi si penyewe, mpaka shingo yangu ilipouma pale pale inapouma ndotoni. Kimekaa mita mbili na sentimita kumi kutoka chini. Mimi ni mia na sabini na nne, kwa hiyo kiko sentimita thelathini na sita juu ya utosi wangu. Nimeviandika vipimo vyote nyuma ya karatasi hii mzee avione, labda vitamfurahisha, yeye alikuwa hali bila vipimo.

Siku tulipowasha taa, dada, watu wazima waliingia mle kwa ncha za vidole. Fundi wa umeme, mtu wa matusi, alivua kofia. Mpishi alikaa chini sakafuni. Mimi nilisimama chini ya ule mlango, nikahisi kuna mtu upande wa pili. Najua hakuna kitu upande wa pili, ni mimi niliyepigilia mbao, nyuma yake kuna ndoo za rangi. Lakini nilihisi.

Watu wa mapambo wametengeneza mkono wenyewe kwa sponji, mkubwa mara mbili ya mkono wa mtu. Kidole cha kati kimevikwa bati kuanzia ncha hadi fundo la kwanza, kina vitobo vidogo vidogo, kama nilivyoandika. Tena amekipenda kuliko vyote. Anasema ni mashine inayojifunza kuwa binadamu, au binadamu anayegeuka mashine, ataamua baadaye. Nilimuuliza ndoto hutoka wapi, yeye aliyesoma. Akasema hajui, ndiyo maana anatengeneza filamu.

Sasa sikiliza, na usinigombeze. Wameniomba nibaki hadi mwisho wa Agosti. Nadhani nitatia saini.

Sababu unaijua. Mimi ndiye niliyemuua mama kwa kuzaliwa. Usiniambie si kosa langu, nimeambiwa hivyo maisha yangu yote, na kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa mzee hutoka kwenda kutembea peke yake. Siwezi kukaa nje ya mlango wa wodi nikisubiri kuona kama mtoto wangu naye atakuja jinsi nilivyokuja mimi. Mwambie mke wangu ni kazi. Wewe ujue ukweli.

Kitinda


Jumatano, 19 Juni

Mdogo wangu,

Usitie saini. Soma hii kwanza hadi mwisho, kisha fanya utakalo.

Juzi, barua ilipofika, nilimsomea mzee nikaruka sehemu ya mwisho. Nikaigeuza karatasi nimwonyeshe vipimo vyako. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaninyooshea mkono wa kushoto na kufanya kwa vidole vile alivyokuwa akifanya akitaka penseli. Nikampa. Miezi minane hajashika kitu, Kitinda. Kando ya mia na hamsini akaandika 75. Kando ya mita nne akaandika 2. Kando ya mia mbili na kumi akaandika 105. Alikata kila kipimo chako nusu kwa nusu, jasho likimtoka, tarakimu zimepinda kama za mtoto wa chekechea. Hata ile thelathini na sita, akaandika 18.

Mimi nilidhani kichwa kimemchanganya. Halafu nikaangalia. Meza ya sentimita sabini na tano ni meza tu. Mlango wa mita mbili ni mlango wa nyumba yoyote. Sisi mafundi wa nguo tuna msemo wetu kwa akina mama wanaokuja na watoto: mtoto akitimiza miaka miwili, kimo chake ni nusu ya kile atakachofikia. Wewe hukuota chumba kikubwa. Uliota chumba cha kawaida, na wewe una miaka miwili.

Mama hakufa siku uliyozaliwa. Mama alikufa una miaka miwili na miezi minne.

Aliugua kifua. Daktari alisema usiingie chumbani kwake mpaka dawa ziishe, pumzi yake isikufikie. Ulikuwa unalia mlangoni mchana kutwa, naye analia ndani. Mzee akashindwa kuvumilia. Akachukua msumeno, akakata kidirisha kwenye ule mlango, juu kidogo ya kimo chako makusudi, ili pumzi ipite juu na mkono tu ushuke. Mama alikuwa akinawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko. Kisha anakuita kwa kugonga. Alikuwa fundi wa kushona, alishona mle mle kitandani hadi mwisho, na hakuvua kastabani. Hicho ndicho kidole chako cha chuma. Ni kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, kina vitobo vidogo vidogo. Kiko kwenye mkebe wangu wa vifungo, nimekificha chini kabisa. Nashona kwa mashine nisilazimike kukivaa.

Alipofariki, watu wa afya waliagiza vitu vyote vya chumba kile vichomwe, hata picha zake mbili. Wewe ulisimama mlangoni ukigonga siku tatu. Kisha ukanyamaza. Miezi minne hukutamka neno. Ulipokuja kusema uliomba maji, na hukumwulizia tena. Mzee akaniambia, amesahau, tumwache hivyo, tusimwamshie kidonda. Tukahama.

Lakini uongo wenyewe ni wangu, si wake. Ulikuwa na miaka sita, umetoka shule, unanivuta sketi na kuuliza kwa nini wenzako wana mama. Mimi nina kumi na nne, chungu kinafurika, nimechoka. Nikasema alifariki siku uliyozaliwa. Nilitaka tu utoke jikoni. Mzee alikuwa mlangoni, akasikia, akaondoka bila kunikanusha. Ile siku anayokwenda kutembea peke yake, mimi ndiye niliyemfukuza nyumbani, si wewe. Kila mwaka nilisema nitakwambia mwakani. Nimekuona unakua na jambo hili mgongoni, ukiwakwepa watoto wa watu, ukiogopa wodi, na sikufungua mdomo. Mzee amenyimwa ulimi na ugonjwa. Mimi nilikuwa nao.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba usitie saini.

Dada yako


Jumatatu, 24 Juni

Dada,

Barua imefika. Nimeisoma. Dereva anapiga honi.

Mpe mzee salamu.

K.


Jumatano, 26 Juni

Kitinda,

Sijui kama utaisoma hii, lakini hili siwezi kusubiri unijibu.

Tangu ile siku ya penseli, mzee ana jambo. Kila nikimtoa uani kuota jua anataka kiti kisogezwe kwenye benchi lake la kazi. Akifika anagonga pale katikati, kwenye kiraka, kwa mkono wa kushoto: tok, tok-tok. Siku ya kwanza nilidhani anataka tu kugusa mbao. Siku ya pili nikaondoa makopo yote juu ya benchi, nikafikiri kuna kitu kimejificha, hakuna. Akaendelea. Wifi yangu ndiye aliyesema, tumbo limemtangulia, amekaa kwenye ngazi anamenya chungwa. Alisema: “Dada, mbona benchi hili lina alama za bawaba?”

Miaka thelathini nimefua nguo kando ya benchi hilo. Nikainama. Pembeni, chini ya rangi, kuna alama za bawaba mbili. Nikaita fundi magari wa jirani na nduguye, wakang'oa miguu yake, wakaligeuza.

Hakuuchoma, Kitinda. Kila kitu kilichomwa ila mlango. Aliuficha kwa kuulaza, akaufanya benchi, na kile kidirisha akakiziba kwa kipande cha mti mwingine. Wewe ulijifunza kushika randa juu ya mlango wa mama. Ndiyo maana alikuchapa ulipogongelea msumari pale.

Na upande wa chini, uliokuwa upande wa mama, kando ya kiraka kuna maandishi ya penseli. Ni mwandiko wake, niliutambua kabla sijausoma. Kila mstari una tarehe, ya kwanza ya mwezi, miezi sita. Nakunakilia kama yalivyo bila hizo tarehe:

Bado 23
Bado 22
Bado 21
Bado 20
Bado 19
Bado 18

Nilisimama pale nikiwa mjinga. Bado nini? Halafu nikakumbuka kitu ambacho miaka yote hii sikukikumbuka hata mara moja. Nina miaka kumi. Mimi niko nje na wewe, nimekushika mabega, kisigino chako kimegusa mlango. Kutoka kwenye kidirisha inashuka futikamba yake ya kushonea, inashuka mpaka inagusa utosi wako, na sauti yake inatoka mle ndani: “Mshike asichezecheze. Bado kidogo tu ataniona.”

Alikuwa anapima ulichobakiza ili kichwa chako kifike kwenye kidirisha. Alikuwa anakusubiri ukue. Na kumbuka ile karatasi yako, kumbuka thelathini na sita yako, na nusu yake aliyoiandika mzee. Mimi niliyekuwa na miaka kumi nilisahau. Wewe wa miwili, uliyekatazwa hata kujua, umekaa nayo kichwani bila kukosea hata sentimita moja. Nani amekitunza kipimo hicho mle ndani, Kitinda? Muulize huyo mama yenu wa filamu. Mimi naogopa kujiuliza, nikijiuliza nashindwa kuingiza uzi kwenye sindano.

Mzee aliweka kiganja juu ya yale maandishi. Hakukiondoa hadi jua lilipozama, na hatukumwondoa.

Dada


Jumatatu, 1 Julai

Dada,

Barua hii nakukabidhi mwenyewe mkononi. Niko kwenye gari la vyakula, kando ya dereva, naandika juu ya gunia, ndiyo maana mwandiko unaruka. Nikifika nitakupa karatasi hii kabla ya salamu, kwa sababu kwa mdomo najijua, nitaanza utani halafu nitashindwa.

Jumamosi tulipiga picha ya chumba cha mwisho. Barua yako nilikuwa nimeisoma Alhamisi, na kabla ya kazi nikaenda peke yangu na ngazi na futikamba. Nikapima tena, labda nilikosea. Kutoka kwenye kidirisha hadi utosini, thelathini na sita. Nikampelekea Tena barua yako. Aliisoma amesimama, kisha akapima naye, mwenyewe, viatu amevua. Kisha akaketi chini ya ule mlango na kukaa muda ambao watu sitini walikuwa wanamngoja. Aliniuliza kama nataka kidole cha chuma kiondolewe, akakubali kubadilisha filamu nzima nikitaka. Nikamwambia asiguse hata msumari. Nikamwambia tu kinaitwaje.

Mwigizaji wa daktari akasimama chini ya mlango. Kidirisha kikagongwa. Mkono ukatoka, ule wa sponji niliokuwa nikiucheka, ukashuka taratibu, kastabani mbele, ukamgusa utosini. Tulisubiri neno la Tena, mshika kamera amekaa tayari kurudia. Hakulisema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakulisema, akazima taa yeye mwenyewe.

Nimekukasirikia, dada. Jumatatu ile nilikuwa na hasira mpaka nikavunja patasi. Miaka yote hii nimeishi nikiwa muuaji, na nilichokuwa ni mtoto aliyesubiriwa. Bado nina hasira kidogo, itaniishia, usiipikie wala usiibembeleze. Ulikuwa na miaka kumi na nne na chungu kinafurika. Nami najua sasa nilikuwa na nani miaka miwili na miezi minne, na kwa nini huwa naamka na furaha. Hilo ni kubwa kuliko hasira, ni kubwa hata silijui mwisho wake, nalizunguka tu kama nilivyokuwa nikikizunguka kile chumba.

Sikutia saini. Mke wangu mwambie nitakuwa nje ya wodi. Naogopa, nisikudanganye, lakini naogopa kama baba yeyote. Taulo lako ninalo.

Sasa naomba mambo mawili kabla sijaoga, kabla hata ya chai. Mlango usimamishwe, nitakitoa kiraka mimi mwenyewe, patasi mpya ninayo. Kisha utoe kile kitu kwenye mkebe wako wa vifungo, ukivae, ukae upande wake, ugonge. Mimi nitakuja nisimame, kisigino kwenye mlango. Mimi ni mia na sabini na nne, kidirisha ni mia na tano, italazimu niiname ili nitazame ndani.

Mpe mzee penseli. Chini ya Bado 18 usiandike wewe. Aandike yeye, kwa huo mkono wa kushoto, kwamba nimefika.

Kitinda